Barnaba Akamchukua Marko

Jumanne

Soma Matendo 13:13 na 15:36–40. Paulo na Barnaba walibishana juu ya nini hasa? Je, unaona mmoja wao aliyekuwa na kosa la wazi?

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Hulka ni maumbile ya ndani aliyozaliwa nayo mtu: huyu mchangamfu, yule mkimya, huyu hufadhaika upesi, yule hatikisiki. Tabia ni kile anachokijenga juu ya hulka hiyo kwa uchaguzi wake wa kila siku. Wayunani wa kale walidhani kwamba hulka hutokana na vimiminika vinne vya mwili, na katika karne ya 2 tabibu Galeni alilikuza fundisho hilo. Wanasaikolojia wa leo wameliacha. Wao hueleza sifa za watu zaidi kwa mafungu makubwa matano, nao wameona kwamba kwa sehemu tunazirithi, na kwamba hubadilika polepole kadiri miaka inavyopita.

Sasa mtazame Barnaba. Jina lake lilikuwa Yusufu, Mlawi wa Kipro. Mitume ndio waliomwita Barnaba, yaani mwana wa faraja (Matendo 4:36). Jina kama hilo mtu hapewi bure. Sauli alipofika Yerusalemu na wanafunzi wote wakamwogopa, Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume (Matendo 9:26, 27). Mbele ya kazi yoyote, yeye alimwona mtu kwanza. Paulo aliiona kazi kwanza, na kijana aliyewaacha Pamfilia hakufaa kwenda tena. Luka hatuambii kwa nini Marko alirudi nyumbani, nasi tusimbunie sababu.

Ugomvi ulikuwa mkali. Neno la Kiyunani ambalo Luka analitumia linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya. Mara ya pili ni Waebrania 10:24, ambapo waumini wanaambiwa wachocheane katika upendo na matendo mema. Moto ni uleule. Tofauti ni kinachopikwa.

Soma Wagalatia 2:11–14. Barnaba alifanya nini Antiokia? Paulo naye alifanya nini?

Darasani huwa tunamuunga mkono Barnaba haraka, kwa kuwa tunajua Marko aliishia kuwa mtu wa namna gani. Lakini fungu hili linatuzuia. Wageni walipokuja kutoka kwa Yakobo, Petro aliondoka kwenye meza ya watu wa Mataifa, na Barnaba naye akachukuliwa. Inawezekana kabisa kwamba ule upole uliomwinua Marko ndio uliomfanya ashindwe kuwakatalia wageni. Hakutaka kumuudhi mtu, akawaacha ndugu zake mezani. Na Paulo, kwa ukali uleule uliomfungia Marko mlango, alisimama mbele ya wote akawatetea wale waliotengwa.

Kwa hiyo, mzee wa kanisa anayefoka barazani asijifariji kwamba yeye ni mkweli tu, wala mpole anayenyamaza wakati mjane anadhulumiwa asiuite ukimya wake unyenyekevu. Na kamati ya uteuzi inayompita kila mwaka dada mkimya kwa sababu hajui kupaza sauti, imewahi kumuuliza ni wagonjwa wangapi anawatembelea?

Kuna wanaomaliza mazungumzo yote kwa kusema, “Ndivyo nilivyozaliwa.” Husikika sana katika ndoa. Wengine huongeza kwamba tabia ni kama ngozi, na hata kutaja Yeremia 13:23. Lakini nabii anasema juu ya watu waliozoea kutenda mabaya. Mazoea hayo hawakuzaliwa nayo, na hiyo ngozi waliivaa wenyewe siku baada ya siku. Kweli, hawawezi kuivua kwa nguvu zao, na ndiyo sababu wanahitaji neema.

Soma Wakolosai 4:10 na 2 Timotheo 4:9–16. Paulo amebadilika wapi, na wapi bado ni Paulo yuleyule?

Barua hii aliiandika gerezani, akijua kwamba kufa kwake kumekaribia. Bado anakumbuka aliyemwacha: anamtaja Dema kwa jina. Bado anaonya waziwazi juu ya Iskanda mfua shaba. Hakugeuka kuwa Barnaba uzeeni. Lakini kwa wote waliomwacha katika utetezi wake wa kwanza anaomba wasihesabiwe hatia, na katikati ya maneno hayo anamwagiza Timotheo amchukue Marko aje naye, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Mfikirie mtu mmoja wa nyumbani au kanisani kwako ambaye hulka yake hukuchosha. Ni lini hulka hiyohiyo ilikusaidia wewe au mwingine? Utamwambiaje jambo hilo kabla ya Sabato hii?