Ngozi Wakati wa Kipupwe

Katika nyanda za Simiyu mvua za masika hukoma mwezi wa Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe. Huko Zagayu asubuhi huwa na baridi, upepo mkavu huvuma mchana, na nyasi hugeuka rangi ya kahawia. Huo ndio wakati ambapo viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa ili kupata michembe. Baada ya siku chache vipande hivyo huwa vikavu na vigumu, na huweza kuhifadhiwa miezi mingi. Wakati huohuo ngozi za watoto hupauka, midomo hupasuka, na visigino huota magaga. Je, mambo haya yana uhusiano?

Ndiyo. Hewa inayokausha michembe ndiyo inayokausha ngozi. Hewa kavu huchukua maji popote iyapatapo: katika nguo zilizoanikwa, katika kiazi kilichokatwa, na katika mwili wako. Watu wengi hudhani kwamba baridi peke yake ndiyo sababu. Baridi husaidia tu, kwa kuwa hupunguza jasho na kuinywesha mishipa midogo ya damu iliyo katika ngozi.

Ngozi ina matabaka mawili makuu. Sehemu ya juu kabisa ya tabaka la nje ni seli zilizokufa, zilizopangwa kama vigae juu ya paa. Kati ya seli hizo mna mafuta yanayozuia maji. Tabaka la ndani lina mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na tezi za mafuta. Mafuta ya tezi hizo hutokea kwenye vinyweleo na kutandaa juu ya ngozi.

Sasa tazama kiganja chako, kisha wayo wako. Hapo hapana vinyweleo, wala hapana tezi za mafuta. Ngozi ya kisigino ni nene, nayo hubeba uzito wa mwili. Ikikauka haiwezi kunyumbuka, basi hupasuka.

JARIBIO

Kata vipande viwili vya kiazi kitamu vilivyo sawa kwa ukubwa na unene. Kipake kimoja mafuta ya kula pande zote. Usikipake cha pili. Viweke kivulini mahali penye upepo. Vitazame kesho yake saa kama hiyo. Ikiwa shule ina mizani, vipime kabla na baada.

Kipande kisichopakwa mafuta kitakuwa kimekunjamana zaidi. Angalia vizuri jambo hili: mafuta hayakuongeza maji katika kiazi. Yalizuia maji yaliyokuwamo yasitoke upesi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kujipaka mafuta ni mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Anayejipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hung'aa, lakini hapati faida kubwa.

Mafuta ya mgando hufaa sana, na mafuta ya nazi au ya alizeti hufaa pia. Zamani wafugaji wengi wa Afrika Mashariki walijipaka samli, nao hawakukosea, ingawa samli iliyochacha huvuta nzi. Usitumie mafuta ya taa wala oili ya magari. Krimu za kuchubua ngozi ni hatari. Baadhi yake zina zebaki, ambayo ni sumu.

Oga kwa maji ya vuguvugu. Maji ya moto sana na sabuni kali ya kufulia huondoa mafuta ya ngozi. Shikome ni mahali pazuri pa kusikiliza hadithi za wazee, lakini usiusogelee moto mno, kwani nao hukausha. Usilambe midomo, mate yakikauka huiacha kavu kuliko mwanzo. Kunywa maji ni kuzuri kwa mwili, lakini hakutoshi kuiponya ngozi iliyokauka.

Magaga yahitaji uangalifu zaidi. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hivi, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, futa, kisha paka mafuta mazito na uvae soksi za pamba usiku. Usikate kwa wembe. Ufa unaotoa damu ni kidonda, na kidonda ni mlango. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na mtoto anayeingia zizini bila viatu huvikanyaga. Ugonjwa huo hukakamaza taya na misuli ya mwili mzima, nao huua. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kifunike, na uende zahanati uulizwe habari za chanjo yako. Kamwe usipake samadi wala udongo juu yake.

Si kila ngozi kavu imekaushwa na upepo. Vipele viwashavyo zaidi usiku huenda vikawa upele, unaoambukiza. Baka lililopauka lisilosikia mguso laweza kuwa dalili ya ukoma, nao hutibika kwa dawa. Mafuta hayataponya hata kimoja cha hivyo; mwonyeshe mganga wa zahanati.

MASWALI

1. Kwa nini kisigino hupasuka kuliko mgongo wa mkono?
2. Kwa nini tunajipaka mafuta kabla ngozi haijakauka kabisa?
3. Ufa wa magaga waweza kuletaje pepopunda?
4. Rudia jaribio kwa kukifunika kipande kimoja kwa kitambaa kibichi. Eleza uliyoyaona.