Feri au Treni? Kuvuka na Gari Kutoka Uingereza Hadi Ufaransa

Anayeishi Uingereza na kutaka kwenda likizo Ufaransa, Ubelgiji au Hispania kwa gari lake ana njia mbili za kuvuka bahari: kuliingiza gari kwenye feri, au kulipandisha treni inayopita kwenye handaki chini ya bahari. Wengi hukimbilia kulinganisha dakika na nauli. Kabla ya hayo, jiulize unatokea wapi, unaishia wapi, na nani atashika usukani kutwa nzima. Kivuko cha bei nafuu kinaweza kukutupa mbali na unakokwenda, ukaja kulipia tofauti hiyo kwa mafuta, ushuru wa barabara na uchovu.

Treni ya handaki

Handaki hili lilifunguliwa mwaka 1994. Lina urefu wa kilomita 50 hivi, na takriban 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Treni ya magari, LeShuttle, hutoka Folkestone na kufika Coquelles, jirani na Calais, kwa dakika 35. Usiichanganye na Eurostar, inayotoka London na kubeba abiria tu, bila magari.

Unaendesha gari hadi ndani ya behewa, unazima injini na kukaa humo humo mpaka ng'ambo. Mgahawa na maduka yapo kituoni, si ndani ya treni. Nauli hutozwa kwa gari, hata likiwa na watu tisa, hivyo familia kubwa hufaidika. Magari yanayotumia gesi ya LPG hayapokelewi. Gari lenye kimo kinachozidi mita 1.85, ukihesabu na sanduku la juu ya paa, hupangiwa behewa jingine. Taja kimo hicho unapokata tiketi.

Mawimbi hayaisumbui treni, na mtu anayechafukwa na tumbo baharini atapumua. Lakini njia ni hiyo moja: ikitokea hitilafu au mgomo, foleni hujaa haraka.

Feri

Aliyezoea feri ya Likoni au pantoni la Kigamboni ataona tofauti. Hapa unakata tiketi ya saa maalumu, unakaguliwa kabla ya kupanda, na meli ikiondoka abiria wote hutoka kwenye magari na kupanda ghorofa za juu, kwenye migahawa, maduka na viti vya kupumzikia.

Dover hadi Calais ni kama saa moja na nusu. Dover hadi Dunkirk ni saa mbili hivi. Kampuni kadhaa hushindania njia hizi, kwa hiyo mara nyingi feri huwa nafuu kuliko treni, hasa ukikata tiketi mapema na kuepuka wikendi za likizo za shule. Adui wa feri ni dhoruba: upepo ukizidi, safari huchelewa au kufutwa.

Tena feri haziishii Calais. Portsmouth kuna meli za kwenda Caen, Cherbourg na Saint-Malo. Plymouth kuna za Roscoff na za Santander, Hispania. Hull kuna ya usiku kwenda Rotterdam, Uholanzi.

Piga hesabu ya safari nzima

Ukitoka London kwenda Paris, Brussels au Ujerumani, Folkestone na Dover zote zinafaa. Kutoka Calais hadi Paris ni karibu kilomita 300. Dereva akiwa mmoja, saa na nusu ya feri humpa nafasi ya kula na kunyoosha miguu; wakiwa wawili wa kupokezana, treni huokoa muda.

Ukienda Saint-Malo, kushukia Calais kunakuongezea zaidi ya kilomita 450 za barabara. Meli ya usiku kutoka Portsmouth inaweza kugharimu zaidi, lakini unalala humo na kuamka umefika. Kwa anayekwenda kaskazini mwa Hispania faida hiyo ni kubwa zaidi. Na mkazi wa Leeds hana sababu ya kuteremka hadi Dover ikiwa anaelekea Amsterdam, ilhali Hull iko karibu.

Hati za kila aliyemo garini

Kibali cha kuishi Uingereza hakikuruhusu kuingia Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo kwa kawaida anahitaji viza ya Schengen. Huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, pamoja na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Familia nyingi zina pasipoti mchanganyiko: watoto wa Uingereza, mama wa Kenya. Mmoja akikosa viza, safari ya wote imekwama.

Dover na Folkestone, askari wa mpaka wa Ufaransa wanakukagua ukiwa bado Uingereza. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuwaandikisha wageni kwa alama za vidole na picha, basi fika mapema. Na kwa ajili ya kurudi, hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na viza yako ya kielektroniki ya Uingereza.

Gari na kikapu cha chakula

Beba leseni, kadi ya gari na bima inayokubalika Ulaya. Gari la kukodi linahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye gari. Bandika alama ya UK nyuma, rekebisha mwanga wa taa za mbele, na weka pembetatu ya tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga. Ufaransa huendeshwa kulia, na mwendo wa juu kwenye barabara kuu za kulipia ni kilomita 130 kwa saa, au 110 mvua ikinyesha.

Sambusa za nyama ziliwe kabla ya mpaka: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya kutoka Uingereza.

Anza na viza, kisha chagua bandari iliyo karibu na mwisho wa safari yako, ndipo ulinganishe nauli. Tiketi inayoruhusu kubadilishwa huwa ghali kidogo, lakini kama viza bado haijatoka, hiyo ndiyo ya kununua.