Kabla ya Kununua Plastiki ya Kidimbwi

Ikiwa unafanya kazi Nairobi au Nakuru na unawatumia wazee fedha za kuchimba kidimbwi cha samaki nyumbani Kericho au Bomet, makala ya leo yanakuhusu. Huenda ukajiuliza daktari anatafuta nini katika duka la vifaa vya kilimo. Subiri kidogo.

Udongo mwekundu wa nchi ya chai hupitisha maji upesi, na ndiyo sababu chai hustawi huko, kwani mizizi yake haipendi kutuamiwa na maji. Mwenye kidimbwi basi hulazimika kukitandika, ama kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ama kwa karatasi nzito ya plastiki ambayo wenye maduka huiita laina. Wengi huchagua laina, na swali lao huwa moja tu: bei.

Uliza kwanza unene. Kwa kidimbwi kidogo kisicho na mawe, nusu milimita yatosha. Penye changarawe au visiki nunua ya 0.75 au milimita 1. Iwe imetengenezwa kustahimili jua. Kupima ni rahisi: chukua urefu, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza mita 1 ya kufukia kingoni. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Kidimbwi cha mita 6 kwa 4, chenye kina cha mita 1, kinahitaji kipande cha mita 9 kwa 7. Ikiwa maji yatatumika jikoni pia, itisha laina iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na bado uyachemshe.

Sasa tuje kwenye jambo linalonihusu mimi. Laina, kama jina linavyokaribia kusema, ni laini. Ikiota utelezi wa kijani, hata mtu mzima hupata taabu kupanda ukingo wake. Mtoto wa miaka 3 akiteleza humo hana pa kushika. Mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya kwa dakika chache, mama akichuma chai hatua chache tu kutoka hapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka 5.

Ukiniuliza, penye watoto wadogo na mfinyanzi mzuri ningechagua mfinyanzi. Nao huteleza, lakini ukingo wake huota nyasi za kushika. Ukichagua laina, fundi alaze upande mmoja uwe mteremko mdogo, na kamba nene zenye mafundo zifungwe kwenye vigingi na kuning'inia hadi majini pande zote. Halafu uzio, wenye lango linalojifunga. Gharama ya uzio ihesabiwe pamoja na laina siku ile ile, maana "tutaweka baadaye" haiweki.

Usisahau mbu. Kericho ni baridi, lakini miaka ya 1990 mashamba ya chai yalikumbwa na milipuko ya malaria. Mikunjo ya laina iliyo juu ya maji hushika mvua, na mbu wa malaria hupenda vijidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Inyooshe. Ndani weka ngege: utafiti uliofanywa Kisii na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba samaki hao walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 katika majuma 15. Kidimbwi kilichoachwa bila samaki ni shamba la mbu.

Na ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, mpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo huku mwingine akitafuta gari. Akizinduka mpeleke hospitali siku iyo hiyo hata kama anacheka, kwani mapafu yaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.