TUSHONE VYA KICHWANI: KIPIMO KWANZA, MKASI BAADAYE



Pita karibu na fundi cherehani yeyote hapa kambini, utaona rundo la vipande vya kitenge chini ya meza yake. Vingine ni vipana kama kiganja, vingine virefu kama mkono. Vingi vinaishia kuwashia moto. Katika somo hili tutajifunza kuvigeuza vipande hivyo kuwa vitu vitatu ambavyo akina dada wanavipenda: kibana nywele, utepe wa kichwa, na kofia ya kulalia.

Kazi hii haihitaji cherehani. Inafanywa kwa sindano ya mkono, mtu akiwa ameketi mlangoni kwake. Inamfaa mama mwenye mtoto mchanga, kijana aliyemaliza shule na hana kazi, na hata mtu ambaye miguu yake haimruhusu kutembea mbali. Tena si kazi ya wanawake peke yao. Mafundi wengi wa nguo ni wanaume.

KWA NINI TUNAANZA NA KIPIMO

Watu wengi wakipata kipande kizuri wanakimbilia mkasi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Utepe ukiwa mpana unateleza na mnunuzi anaurudisha. Ukiwa wa kubana, hasara ni kubwa zaidi: kichwa kinauma, na nywele za mbele zinaanza kukatika. Kitenge (au kikwembe, kama wengi waliotoka Kongo wanavyokiita) kikishakatwa vibaya hakiungiki tena kikapendeza. Kwa hiyo kumbuka neno moja katika somo hili lote: kichwa cha mvaaji ndicho kipimo.

Namna ya kupima kichwa:

1. Chukua uzi mnene au kamba nyembamba isiyovutika.
2. Uzungushe kichwani: mbele upite juu kidogo ya nyusi, pembeni juu ya masikio, nyuma upite pale kisogo kilipotokeza.
3. Usivute. Uzi uguse ngozi tu.
4. Funga fundo pale ncha zinapokutana, kisha ulaze uzi juu ya rula ya mwanafunzi usome sentimita.

Vichwa vingi vya watu wazima viko kati ya sentimita 54 na 58. Mtu mwenye rasta au nywele nyingi apimwe juu ya nywele zake kama atakavyozivaa. Uzi una faida nyingine: unampima mteja bila kumvalisha kitu kilichovaliwa na mwingine. Faida hiyo tutaieleza mbele.

VIFAA

- Vipande vya kitenge au pamba.
- Lastiki, yaani mpira wa nguo, wenye upana wa sentimita 1.
- Sindano, uzi imara, na pini moja kubwa ya kufunga.
- Mkasi au wembe, rula, na kipande cha chaki au mkaa.
- Karatasi ngumu ya boksi kwa kukatia mfano.

Kabla ya kukata, fua vipande vyote kwa sabuni na maji ya moto, uvianike juani. Kuna vitambaa vya pamba vinavyopungua vikifuliwa mara ya kwanza, na vingine vinatoa rangi. Afadhali vipungue mikononi mwako kuliko kichwani mwa mteja.

A. KIBANA NYWELE

Hiki ndicho cha kuanzia. Ukikosea, umepoteza kipande kidogo tu.

1. Kata kitambaa chenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 10. Ukikosa kipande kirefu, unga viwili vya rangi zinazopatana.
2. Kikunje katikati kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani. Shona ukingo mrefu, ukiacha sentimita 1 kutoka pembeni. Kila baada ya hatua chache rudisha sindano nyuma mara moja, ili mshono usifumuke.
3. Funga pini kwenye ncha moja, uisukume ndani ya mfuko huo mpaka itokee upande wa pili. Kitambaa kitageuka, upande mzuri utakuwa nje.
4. Kata lastiki ya sentimita 20. Ipitishe ndani kwa pini. Kutanisha ncha zake, moja juu ya nyingine kwa sentimita 1, uzishone. Usizifunge fundo, maana fundo hufunguka.
5. Ingiza ncha moja ya kitambaa ndani ya nyingine, kunja ukingo, ushone kwa hatua ndogo ndogo.

Ukikosa lastiki unaweza kukata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli uliooshwa vizuri. Lakini ni lazima ufunikwe kabisa na kitambaa, kwa sababu mpira mtupu hunasa nywele na kuzing'oa. Pia mafuta ya nywele na jua huuchosha mpira upesi. Mwambie mnunuzi ukweli, na bei yake iwe chini.

B. UTEPE WA KICHWA

Utepe una sehemu mbili: sehemu ya mbele ya kitambaa inayoonekana, na sehemu ya nyuma yenye lastiki.

Kanuni ni hii: kipimo cha kichwa, toa 16, ndio urefu wa sehemu ya mbele ikiwa tayari. Ongeza 2 za kushonea, upate urefu wa kukata.

Kichwa 52: kata 38.
Kichwa 54: kata 40.
Kichwa 56: kata 42.
Kichwa 58: kata 44.

Upana wa sehemu ya mbele ni sentimita 16. Sehemu ya nyuma haibadiliki kwa vichwa hivyo vyote: kitambaa cha urefu wa 26 na upana wa 6, na lastiki ya 14.

1. Kunja kila kitambaa kwa urefu, upande mzuri ndani. Shona ukingo mrefu ukiacha sentimita 1, kisha geuza kwa pini. Sehemu ya mbele itabaki na upana wa 7, ya nyuma 2.
2. Pitisha lastiki ndani ya sehemu ya nyuma. Ishone ncha ya kwanza pamoja na kitambaa, vuta, kisha ushone ncha ya pili. Kitambaa kitajikunyata, ndivyo kinavyotakiwa.
3. Kunja ncha za sehemu ya mbele ziingie ndani sentimita 1. Piga mikunjo midogo mpaka mdomo uwe mwembamba kama sehemu ya nyuma.
4. Ingiza ncha ya nyuma ndani ya mdomo huo sentimita 1. Shona, kisha rudia kushona. Hapa ndipo utepe unapovutwa kila siku. Kama wahenga walivyosema, kamba hukatikia pabovu.

Ukitaka fundo la mapambo mbele, kata kipande kingine cha urefu wa 12 na upana wa 8, ukizungushe katikati ya utepe na kukishona kwa ndani.

C. KOFIA YA KULALIA

Mtu aliyesuka ametumia muda na pengine fedha. Akilala juu ya mkeka au mto wa pamba, nywele husuguliwa usiku kucha, hukauka na kukatika. Kofia ya kitambaa kinachoteleza huzilinda, na husuko hukaa siku nyingi zaidi. Kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya koti, kinafaa sana. Koti la mtumba lililochakaa nje mara nyingi lina bitana nzima ndani.

1. Funga chaki kwenye uzi. Shika ncha ya uzi katikati ya kitambaa, uzungushe chaki umbali wa sentimita 28 kutoka katikati. Utapata duara lenye upana wa sentimita 56. Kata.
2. Pinda ukingo ndani sentimita 2 pande zote, ukipiga mikunjo midogo kufuata duara. Shona, lakini acha mlango wa sentimita 3.
3. Lastiki: kipimo cha kichwa, toa 4. Kichwa cha 56 kitapata lastiki ya 52. Ipitishe kwa pini, unga ncha zake, kisha ziba mlango.

AFYA YA KICHWA

Mvaaji wako ni jirani yako. Mfahamishe mambo haya, hata kama hayakuongezei mauzo.

Kuvuta nywele. Nywele zinazobanwa kwa nguvu kila siku huanza kukatika kwenye paji na pembeni mwa masikio. Dalili za mwanzo ni maumivu, vipele vidogo kwenye mizizi, na vinyweleo vilivyokatika. Ukiacha kuvuta mapema, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miaka, sehemu hiyo inaweza kubaki wazi daima. Hivyo kidole kimoja kiweze kuingia kirahisi kati ya utepe na kichwa. Ukiacha alama kwenye ngozi, unabana.

Mapunye na chawa. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu unaoshika sana vichwa vya watoto: mabaka yenye magamba, nywele zimekatika. Huambukizwa pia kwa kuazimana kofia, vitambaa na vitana. Ndiyo maana tumesema mpime mteja kwa uzi. Usiwavalishe watu kumi utepe mmoja wa maonyesho. Washike mkononi waangalie. Mtoto mwenye mapunye apelekwe zahanati. Dawa ya kupaka peke yake kwa kawaida haitoshi; mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza. Wala asichekwe, maana si kosa lake.

Watoto wadogo. Usishone vifungo wala shanga kwenye vitu vya mtoto aliye chini ya miaka 3. Vikikatika atavitia mdomoni na vinaweza kumpalia. Mtoto mchanga asilale na utepe kichwani. Unaweza kushuka ukaziba pua, au ukateremka shingoni.

HESABU KABLA YA FAIDA

Wenye biashara husema: mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa tepe 10. Bei hizi ni za mfano tu. Weka zako unazozijua sokoni.

Vipande kutoka kwa fundi: shilingi 1,000
Lastiki mita 1 na nusu: shilingi 900
Uzi: shilingi 400
Sabuni ya kufulia: shilingi 200
Jumla: shilingi 2,500

Kila utepe umekugharimu shilingi 250. Ukiuza kwa 500 na zote zikanunuliwa, utapata 5,000, na faida ni 2,500. Lakini tuseme 3 zimekataliwa kwa sababu zinabana au zinateleza. Utauza 7, upate 3,500. Faida inashuka hadi 1,000. Tepe tatu tu zilizokatwa bila kupima zimekula zaidi ya nusu ya faida yako.

Hesabu pia muda. Utepe mmoja wa mkono ukichukua dakika 40, tepe 10 ni saa 6 na dakika 40. Hatutakudanganya kwamba kazi hii itakutajirisha. Kwa wengi ni fedha ya sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Lakini fedha hiyo ni yako, na hukuipata kwa kuuza unga wa watoto.

Chukua mfano wa majirani wawili. Wa kwanza amekopa kitenge kipya cha yadi 6, akakikata chote siku moja, akashona tepe za kipimo kimoja. Wa pili amemwomba fundi vipande, akashona vibana vitano, akauza, akanunua lastiki, akaanza kupima vichwa vya majirani na kuandika vipimo daftarini. Baada ya mwezi wa kwanza anadaiwa, na wa pili ana wateja wanaomwagiza. Haba na haba hujaza kibaba.

Mambo matatu ya mwisho kuhusu kuuza. Kwanza, ulizia kwa kiongozi wa mtaa wako au ofisi ya kambi utaratibu wa kuuza, ili bidhaa zako zisichukuliwe. Pili, usichukue mkopo kwa kazi ambayo hujaijaribu. Tatu, elewana mapema na fundi anayekupa vipande. Akiona vinauzika anaweza kuanza kuvitoza, na hiyo ni haki yake. Afadhali mkubaliane bei mkiwa bado marafiki.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomee pia wenzako wasiojua kusoma, mjibu pamoja.

1. Kichwa kina sentimita 57. Utakata sehemu ya mbele ya utepe kwa urefu gani?
2. Kwa nini tunampima mteja kwa uzi badala ya kumvalisha utepe?
3. Jirani analalamika nywele za pembeni zinakatika. Utamshauri nini?
4. Katika mfano wetu wa tepe 10, ni lazima uuze ngapi ili urudishe gharama tu?

Majibu: (1) 57 toa 16 ni 41, ongeza 2: kata sentimita 43. (2) Kuzuia mapunye na chawa. (3) Aache mitindo na mabano yanayovuta, apumzishe nywele, na kama kuna vidonda aende zahanati. (4) Tepe 5, kwa kuwa 5 mara 500 ni 2,500.

Ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe. Mpe jirani, au uikate mfano wa utepe juu yake. Nayo ni kipande kinachofaa.