Saa za Kazi na Ujira Wake

Katika darasa zilizopita tulisoma biashara na masharti yake. Leo twaingia katika mlango wa ijara, yaani mtu kukodisha manufaa ya kitu chake, au nguvu na elimu yake mwenyewe, kwa ujira maalumu. Mlango huu wawahusu khasa ndugu zetu walioacha kazi za mshahara wakawa wajitegemea: mwandishi wa vitabu vya hesabu, mchoraji wa ramani za majumba, mfasiri, mshauri wa mambo ya kodi. Hao hawana bidhaa. Wauzacho ni saa zao. Na saa haitiwi katika mizani. Mwenye kulipa hana budi kumsadiki yule aliyeiandika.

Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) ameeleza katika Minhaj kuwa manufaa hukadiriwa kwa muda au kwa kazi yenyewe. Waweza kumkodi mtu mwezi mmoja akuandikie hesabu, au ukampa hesabu za mwaka azimalize kwa ujira wa jumla. Walakini ukiyachanganya mawili hayo, mathalan ukimkodi fundi akushonee nguo fulani yote katika mchana wa leo, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Kishafi mkataba huo hausihi, kwani mchana waweza kwisha na nguo haijesha. Na hili ndilo litendwalo mjini kila siku! Mteja ataka kazi imalizike, tena ataka saa zisipite 20. Na kipi katika viwili hivyo kilicholipiwa, hapana ajuaye mpaka ugomvi uzuke. Mshauri na achague kimoja. Akipenda kutoza kwa saa, wapatane idadi inayojulikana na bei ya kila saa. Zikimalizika na kazi ingaliko, wafunge mkataba mwingine.

Liko neno jingine lililo baya zaidi, nalo ni "tutaelewana". Mtu huona haya kutaja bei kwa jamaa au jirani, akafanya kazi mwezi mzima, kisha akapeleka bili. Katika Minhaj imetajwa mas-ala ya aliyempa mshonaji nguo, naye akaishona, na ujira haukutajwa: kauli iliyotangulizwa ni kuwa hana ujira. Iko kauli nyingine kuwa akiwa ajulikana kwa kazi hiyo hupata, na wako walioiona kuwa ni nzuri. Lakini ni nani apendaye riziki yake itegemee khitilafu ya wanavyuoni? Jamaa wangapi hawapeani mikono msikitini kwa sababu ya haya hiyo ya siku moja!

Ama daftari, aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamrisha deni la muda liandikwe. Na bili ambayo haijalipwa ni deni. Saa ziandikwe siku ile ile: tarehe, kazi iliyofanywa, wakati wa kuanza na wa kumaliza. Anayeandika mwisho wa mwezi kwa kukumbuka huwa akisia, na makisio ya mtu aghlabu humwelekea yeye mwenyewe. Tena sisi Waswahili tuna tatizo letu: "saa tatu" ni wakati wa asubuhi au usiku, na ni muda wa kazi pia. Basi aandike "tangu saa 3 asubuhi hata saa 6 mchana, jumla saa 3", mteja asitatizike.

Wanavyuoni wamevua nyakati za tohara na sala ya faradhi katika muda wa aliyekodiwa, wala ujira wake haupunguzwi. Sisi twaona kuwa hukumu hiyo ni ya aliyekodiwa siku au mwezi. Ama auzaye saa kwa kuhesabu, na asimamishe hesabu mpaka arudi, ila wakiwa wamepatana vingine. Kahawa ya barazani haimo kabisa.

Na afanyaje aliyetoka Mombasa siku moja kwa wateja wawili, mmoja Kilifi na mwingine Malindi? Njia ni moja, na Kilifi i katikati. Akimwandikia kila mmoja safari nzima kana kwamba ni yake peke yake, ameuza saa moja mara mbili. Na Suratul Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Na aigawanye, awaambie wote wawili.

Mteja naye ana lake. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Na katika Bukhari, kuwa aliyemkodi mtu akamaliza kazi asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa khasimu yake Siku ya Kiyama. Mwenye ofisi nzuri asemaye "njoo kesho" mwezi wa tatu sasa, haya yamhusu. Kwanza waingie wazee wasuluhishe. Isipowezekana, hapa Kenya iko Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016, isikizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka yakatwe katika siku 60. Hapo daftari na mapatano yaliyotiwa sahihi yatahitajiwa.

Darasa lijalo, inshallah, tutasoma dhamana ya fundi kwa kitu alichokabidhiwa kikaharibika mkononi mwake.