Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni

Msimu wa vitunguu huko Mang'ola kijana hubeba gunia la lumbesa linalopita kilo 100, na kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Kiuno kinamkata, na maumivu yanashuka kama moto kutoka takoni, nyuma ya paja, hadi kwenye unyayo. Wengi wetu husema ni baridi ya Karatu imeingia mguuni. Mguu hauna kosa. Kati ya pingili za mgongo kuna gegedu laini. Likitokeza nje hubana mizizi ya mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Zamani mgonjwa aliambiwa alale wiki nzima au zaidi. Ushauri huo umeachwa, maana misuli hulegea na mgongo hukakamaa. Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea kidogo kidogo mahali pa tambarare, bila ndoo kichwani. Walio wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Liko pia zoezi lililogunduliwa kwa bahati. Mwaka 1956 mgonjwa wa Robin McKenzie, huko New Zealand, alilala kifudifudi juu ya kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, na maumivu ya mguu yakatoweka. Nawe lala kifudifudi mkekani dakika chache, kisha jiinue kwa viwiko. Ukizoea, kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Rudia mara 10. Angalia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mguuni na kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, ni dalili njema. Yakizidi kushuka mguuni, acha, umwone mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Zoezi hili si la kila mtu.

Tena si kila kiuno ni cha mazoezi. Maumivu yenye homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Kwa wafugaji wa Ngorongoro yaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa. Hapo ni vipimo na dawa. Na mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo au choo, mwenye ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu inalegea, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.