Mpiga Mbizi wa Nchi Kavu

Wahenga walisema kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoso, yaani atajichubua uso bure. Muhula uliopita, katika kikao cha chama chetu, tulikuwa tukichambua methali za maji. Tulikuwa tumemaliza "maji ya kifuu bahari ya chungu" ndipo mwenzetu wa kidato cha pili akainua mkono akauliza: je, mtu wa Nairobi akitaka kupiga mbizi kikwelikweli, na mtungi wa hewa mgongoni, aende wapi palipo karibu? Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mlezi wa chama akasema swali ni zuri, na anayelitaka jibu alete makala. Basi ndimi niliyeileta, na ninayo sababu yangu ambayo nitaitaja mbele.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kupiga mbizi ni kujitosa majini kichwa chini kwa pumzi yako mwenyewe, kama wafanyavyo wavuvi wa pwani wakitafuta kamba na kome, au kama walivyofanya wazamia lulu wa Ghuba ambao walishuka na jiwe ili wafike chini upesi. Kuzamia nako ni kwenda chini ya maji, uwe na mtungi au usiwe nao. Lakini neno hili sisi wa mjini tumelichezea kidogo. Ukisema hapa mtaani "jamaa amezamia", watu wataelewa kwamba ameingia harusi ya wenyewe bila kadi akala pilau. Ndugu zetu wa Tanzania nao humwita mzamiaji yule anayejificha melini ili afike ng'ambo. Mimi hapa nasema juu ya yule wa mtungi.

Nilichukua ramani ya Jiografia, nikaweka ncha ya bikari hapa Muthurwa, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, nikaanza kuchora duara moja baada ya jingine.

Duara la kwanza lina Bwawa la Nairobi kule Lang'ata. Hapo unaweza kufika kwa matatu na ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953, na zamani watu waliendesha mashua za tanga juu yake. Ilikuwako hata klabu ambayo jina lake lina uzamiaji ndani: Nairobi Sailing and Sub Aqua Club. Baadaye taka na matope vikashuka kutoka vijijini juu yake, gugumaji likatanda, na sehemu kubwa ya lile bwawa siku hizi ukiitazama waweza kudhani ni shamba la mboga. Huko hakuna wa kuzamia.

Ndani ya duara hilohilo, upande wa kwetu wa Eastlands, kuna mashimo ya machimbo ya mawe kule Njiru na Kayole. Mvua ikinyesha hujaa maji, na vijana huenda kuogelea. Sitayaita mahali pa kupigia mbizi. Kingo zake ni wima kama ukuta, maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna ajuaye chini kuna nini. Watu wamefia humo. Tuendelee.

Duara la pili lagusa Naivasha, kama kilomita 90 hivi. Maji yake si ya magadi, lakini ni machafu kwa macho ya mzamiaji, na viboko wamo wengi. Ziwa Magadi, upande wa kusini, ni chumvi tupu na maji haba. Ukizamia huko utachunuka usoso kama ile methali. Tukienda magharibi mpaka Ziwa Victoria tutakuta Ghuba ya Winam, ambayo haina kina kirefu, na kichocho kinamngoja mwogeleaji.

Mahali panaponikereketa roho ni Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, si mbali na Mtito Andei. Maji yake huchujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu, yakatokea safi kama kioo, na sehemu yake huenda kwa bomba hadi Mombasa. Kuna chumba kimejengwa chini ya maji chenye madirisha, unaingia ukiwa mkavu, unawatazama samaki. Alan na Joan Root, waliokuwa wakipiga filamu za wanyama, walizamia hapo na mitungi yao, na kiboko mmoja alimng'ata Alan mguuni. Wewe na mimi haturuhusiwi kuingia majini, na nashukuru.

Kisha kuna Ziwa Chala karibu na Taveta, ambalo nusu ni letu na nusu ni la Tanzania. Ni ziwa la kreta, lina kina cha zaidi ya mita 90, na maji yake hutoka chini kwa chini upande wa Kilimanjaro. Kwa sura ni mahali pa ndoto. Lakini mwaka wa 2002 mamba alimuua kijana mgeni aliyekuwa akiogelea humo usiku. Mwenye masikio na asikie.

Kwa hiyo bikari ikanifikisha baharini, karibu kilomita 480 kutoka hapa. Na huko jamani, kuna mambo! Malindi na Watamu zilitengwa kuwa hifadhi za bahari mwaka wa 1968, mapema kuliko mahali pengi Afrika. Kusini kuna Diani, na mbele zaidi, ukipandia mashua Shimoni, kuna Kisite na Mpunguti karibu na kisiwa cha Wasini. Karibu na Mombasa kuna meli ya MV Dania iliyozamishwa makusudi mwaka wa 2002 ili iwe nyumba ya samaki. Na chini ya ukuta wa Ngome ya Yesu ilizama merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka wa 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa. Wazamiaji waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa viko katika makumbusho ya ngome. Wakati mzuri wa kuona chini ni majira ya kaskazi, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi. Kusi ikivuma na masika yakinyesha, mito huleta matope na bahari huchafuka.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini. Lakini nilijifunza kwamba mzamiaji hapimi safari kwa kilomita pekee. Hupima pia kwa mwinuko, na hapa ndipo naomba wanafunzi wa Fizikia wanisaidie.

Kanieneo ya hewa, au presha kama tunavyosema, ni kubwa pwani kuliko hapa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha yetu ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Ndiyo maana maji ya ugali hapa Muthurwa huchemka kwenye digrii 94 au 95 hivi, si 100. Ukiingia baharini, kila mita 10 unazoshuka huongeza presha ya anga moja zima. Kwenye mita 30 umebeba presha mara nne ya ile ya juu. Hewa unayoivuta kutoka mtungini nayo inakuja kwa presha hiyo, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Mwili hauitumii, basi huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili, na kadiri presha inavyozidi ndivyo inavyoyeyuka kwa wingi.

Sasa, umewahi kufungua chupa ya soda iliyotikiswa? Gesi iliyokuwa imetulia hutoka kwa fujo kwa sababu presha imeshuka ghafla. Mzamiaji akipanda juu haraka mno, damu yake ni ile soda. Mapovu hukaa kwenye viungo, mtu akajikunja kwa maumivu. Yakiingia kwenye uti wa mgongo aweza kupooza, na wengine hufa. Kwa hiyo wazamiaji hupanda polepole. Hata wakishafika juu na kuvaa nguo kavu, naitrojeni bado imo mwilini na hutoka kidogo kidogo kwa saa nyingi.

Ndiyo sababu wanakatazwa kupanda ndege upesi. Mwongozo unaotumiwa na wengi wasema angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezama mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Umewekwa kwa ndege ambazo hewa yake ya ndani ni kama ya mahali pa mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Msomaji, hesabu mwenyewe. Voi iko karibu na mita 600, Mtito Andei imepita 700, na kutoka hapo njia ni kupanda tu mpaka kwetu. Basi la usiku la kutoka Mombasa ni ndege yenye magurudumu!

Sababu yangu ni hii. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi pwani, na amefundishwa uzamiaji ili awasaidie wageni wa hoteli. Babu yetu, aliyestaafu reli na kutuacha sisi kwenye nyumba za reli za hapa Muthurwa, alifariki mwaka juzi. Mwili uliondoka Nairobi Alhamisi jioni kwenda Butere. Kaka alikuwa ameshinda chini ya maji siku tatu, hata Alhamisi asubuhi alikuwa ameshuka mara mbili kabla simu haijamfikia. Mwalimu wake wa uzamiaji akamkatalia kabisa kupanda basi siku ile. Aliondoka Ijumaa mchana, akakesha njiani, akafika Butere Jumamosi udongo ukiwa tayari unarudishwa. Baba mdogo alisema mbele ya watu, "Kazi gani hiyo inayomzuia mjukuu kumzika babu yake?" Kaka hakujibu. Mama naye alinyamaza wiki nzima.

Nilimpelekea mama daftari langu la Fizikia, nikamchorea Mombasa chini na Nairobi juu, na chupa ya soda katikati. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama babu alijua haya, maana vibao vya stesheni za zamani za reli viliandikwa mwinuko wa mahali kwa futi, na babu alikuwa akitutajia hizo namba kama mtu anayetaja majina ya wajukuu wake. Siku ya pili alimpigia baba mdogo simu. Walizungumza nini sikuambiwa, ila Desemba kaka alipokuja, baba mdogo ndiye aliyemchinjia kuku.

Naivasha nako kuna shauri lake: presha ya pale juu ya maji ni ndogo, kama asilimia 80 ya ile ya baharini, hivyo mtu akitoka mita 10 hadi juu presha humshukia kwa zaidi ya nusu. Majedwali ya baharini hayafai huko bila kurekebishwa.

Basi mwenzangu wa kidato cha pili, jibu lako hili hapa. Anza Nairobi kwenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa watakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10 kabla hawajakupa cheti, na mzazi atie sahihi. Panda basi Ijumaa usiku. Jumamosi pumzika asubuhi, uzame baadaye, na utoke majini kabla ya saa kumi alasiri. Jumapili usiguse bahari hata ukiitwa na nani. Kaa Ngome ya Yesu utazame vitu vya merikebu, uondoke saa sita mchana. Ukizama Jumapili, hutakuwa darasani Jumatatu, kwa hiyo barua ya mwalimu mkuu uiandike mapema.